Begi la Kazi ya Angani

Sijawahi kupanda ndege. Nimeandika sentensi hiyo haraka kabla sijabadili nia, kwa sababu kwa miaka zaidi ya kumi nimekuwa nikiikana mbele ya ndugu, majirani, wanafunzi wangu, na hata mbele ya padri mmoja aliyetaka kujua kama mawingu yakitazamwa kutoka juu yanafanana na pamba. Nilimjibu kwamba yanafanana zaidi na povu la maziwa yanayochemka. Jibu hilo lilimpendeza sana. Jumapili iliyofuata alilitumia katika mahubiri.

Uongo wenyewe haukuanza kama uongo. Nilikuwa nimealikwa kwenye mkutano wa waandishi katika mji wa mbali. Hapa Kasese niliagwa kwa sala na kuku wawili, nikafika uwanja wa ndege wa Entebbe, na pale kwenye meza ya kwanza kijana mwenye tai akanionyesha kwamba pasipoti yangu ilikuwa imekwisha muda wake miezi miwili nyuma. Ningeweza kurudi nyumbani siku ileile, lakini kuku walikuwa wameshaliwa. Nilikaa siku tano kwa rafiki niliyesoma naye chuo kikuu, nikala samaki, nikamaliza kusoma vitabu viwili, kisha nikapanda basi la kurudi. Kwenye mpini wa begi langu kilikuwa bado kinaning'inia kikaratasi cha jina chenye nembo ya shirika la ndege, nilichokijaza mwenyewe nikiwa kwenye foleni. Kaka yangu alikiona kikaratasi hicho kabla hajaniona mimi.

"Huko kulikuwaje?" akauliza.

"Baridi," nikasema.

Neno moja tu. Mengine yote waliyajenga wao. Kazi yangu ilikuwa kuwaletea mawe.

Kwa hiyo mwaka huu, binti wa kaka yangu alipochaguliwa kwenda kusomea uhudumu wa ndege, suala la begi lilinifikia bila kikao. Lilikuwa langu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ndiye msafiri wa anga wa ukoo. Ya pili, mimi ni shangazi, na kwetu shangazi ndiye anayemchagulia msichana sanduku la kutokea nyumbani kwa baba yake. Siku ya kumtoa bibi harusi, masanduku yake hupitishwa mbele ya wageni yakiwa vichwani mwa wabebaji, na wageni huhesabu kimoyomoyo, huangalia ukubwa, na huangalia shingo za wabebaji kama zinatetemeka. Sanduku jepesi ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo shangazi mwenye akili huchagua kubwa, gumu na linalong'aa. Nimeshachagua manne ya namna hiyo kwa mabinti wanne, na hakuna hata moja lililowahi kuharibika. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Masanduku yale yalisafiri mara moja tu, kutoka uani hadi kwenye pikapu, na kutoka kwenye pikapu hadi juu ya kabati la nguo, ambako yanaishi mpaka leo yakiwa yametandikiwa vitambaa.

Barua ya chuo cha mafunzo ilisema begi liwe jeusi, imara, lisilo na maandishi. Nyuma ya karatasi kulikuwa na vipimo. Sikuigeuza karatasi. Nina shahada mbili, na nadhani hapo ndipo tatizo lilipoanza: nimezoea kuelewa jambo likiwa bado katikati.

Nilikwenda kwa Hajati, mwanamke anayeuza masanduku karibu na soko la Kasese, ambaye tunajuana tangu bibi harusi wa kwanza.

"Mwalimu!" akaniita nikiwa bado ng'ambo ya barabara. "Nani anaolewa?"

"Haolewi mtu. Binti anaenda kufanya kazi kwenye ndege."

"Basi anaolewa na ndege. Njoo uone hii. Hii ukiweka mtu ndani, anakaa."

Lilikuwa jeusi, gumu kama gamba la kobe, linang'aa kama gari la waziri, na lilikuwa na magurudumu manne yanayozunguka kila upande. Hajati alilisukuma kwa kidole kimoja juu ya vigae vya duka lake, likateleza lenyewe mpaka mlangoni. Nilipiga makofi, natubu. Kaka yangu alipoliona alilizunguka mara mbili, akasema, "Sasa hata huko juu watajua ametoka kwenye nyumba ya watu."

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, binti alinipigia simu kutoka kwenye mafunzo yao Entebbe. Alikuwa anazungumza kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejificha chooni, na kweli alikuwa amejificha chooni.

"Shangazi, begi limeniaibisha."

Walikuwa wakifundishwa kutembea kwa mstari nyuma ya marubani, kila mmoja na begi lake. Wakaambiwa watoke nje, wavuke uwanja wa saruji, wapande ngazi za ndege ya mazoezi na washuke. Kwenye ngazi ya tatu gurudumu moja likang'oka. Halikudondoka kwa heshima. Liliruka chini, likapita miguuni kwa wenzake wote, likaenda kulala mbele ya viatu vya mkufunzi mkuu. Halafu, kana kwamba hilo halitoshi, alipofika ndani na begi lake la magurudumu matatu, likakataa kuingia kwenye kabati la juu ya viti. Akalisukuma kwa mkono, akalisukuma kwa bega. Wenzake walikuwa nyuma yake wanasubiri.

Mkufunzi hakumfokea. Alimwambia tu kwamba Jumatatu kuna ukaguzi wa mwisho. Ambaye begi lake halitapita, safari yake ya kwanza atapewa msichana wa akiba, na yeye atasubiri kundi lijalo. Na kundi lijalo hakuna aliyejua litaanza lini.

"Nifanyeje?" akauliza. "Hapa haturuhusiwi kutoka mpaka Jumapili. Na yale mabegi ya marubani yenyewe huagizwa ng'ambo, yanachukua mwezi. Shangazi, wewe ulipopanda, begi lako uliliweka wapi?"

"Juu," nikasema.

"Juu, ndani ya kabati lile la viti? Liliingia?"

"Liliingia."

"Lilikuwa na upana gani?"

Nilitazama dirishani. Nje, jirani yangu alikuwa anaanika mihogo. Niliona ningeweza kutaja upana wowote na binti yule angeuamini, angeniagiza begi la upana huo, na Jumatatu angepoteza kazi aliyoipata baada ya kusailiwa mara tatu. Nimesema uongo mwingi wa mawingu, lakini wa sentimita ulinishinda.

"Mwanangu," nikasema, "sijawahi kupanda ndege."

Nikasikia maji yakitiririka kwenye choo cha jirani yake.

"Hata kidogo?"

"Inapandwaje kidogo?"

Akaanza kucheka. Alicheka kwa kujizuia, kwa ile sauti ya mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja, na mimi nikamsubiri kwa sababu nilikuwa nastahili.

"Na mawingu?" akauliza alipopata pumzi. "Povu la maziwa?"

"Nilikuwa nachemsha maziwa."

"Baba anajua?"

"Baba yako asijue."

Ajuaye ni msomaji wa ukurasa huu. Kaka yangu hajawahi kumaliza hata andiko langu moja, kwa hiyo bado niko salama.

Ajabu ni kwamba baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Akanisomea vipimo vya nyuma ya karatasi, nami nikaviandika kwenye kalenda ya ukutani. Akanieleza alichokiona kwa marubani wenyewe, kwa sababu katika wiki tatu alikuwa hana kazi nyingine ila kutazama mabegi ya watu kwa wivu. Mabegi yao hayang'ai, akasema. Ni mabaya. Ni ya kitambaa kinene kama cha turubai, meusi yaliyoanza kuwa kijivu, yenye magurudumu mawili tu, makubwa, yaliyozama ndani ya mwili wa begi. Chini yake bolti zinaonekana waziwazi. Na mbele kuna kulabu ya chuma ya kutundikia begi dogo la pili, ili mkono mmoja ubaki huru. Kapteni mmoja alikuwa na la miaka mingi, limebadilishwa magurudumu hata hakumbuki mara ngapi.

"Tafuta baya, Shangazi," akasema. "Baya kabisa."

Hilo nililiweza. Nilikata simu, nikaanza kutafuta futi ya fundi cherehani. Miaka yote nimekuwa mtaalamu wa kitu nisichokijua. Sasa nilikuwa sijui kitu, na nilikuwa na siku moja ya kukijua. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi hivyo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Hajati kabla hajatoa kufuli la pili. Nikamweleza kuhusu gurudumu. Alijishika kiuno.

"Mwalimu, usinitafute maneno. Mimi nauza masanduku ya kuonekana. Wewe ulisema kazi? Ulisema ndege. Mimi nikajua anakaa tu, anaruka."

"Hajati, nani anajua begi la kuvuta? La kuvuta kila siku?"

Akafikiri. Ndipo akasema jambo ambalo, kwa elimu yangu yote, lisingenijia.

"Rubani anavuta mara ngapi? Asubuhi anatoka hoteli, jioni anarudi hoteli. Nenda Mpondwe. Wanawake wa mpakani wanavuka lile daraja na mabegi kutwa nzima, na barabara yenyewe ni mawe. Iko fundi mmoja Mkongo anawatengenezea. Sema nimekutuma mimi. Hapana, usiseme. Tulikosana."

Nilifika Bwera saa tatu, nikachukua boda kuteremka Mpondwe. Ilikuwa siku ya soko. Njia nzima sikutazama milima, sikutazama malori yaliyopangana kusubiri forodha. Nilitazama mabegi ya watu kama vile mwanamke aliyekaa muda bila mtoto anavyotazama watoto wa wenzake. Mwenye boda aliniuliza kama nimeibiwa.

Kibanda cha fundi kilikuwa kando ya barabara inayoshuka darajani. Mabegi yaliyokufa yalikuwa yametundikwa juu kama nyama buchani, na magurudumu yalikuwa yametungwa kwenye waya, makubwa kwa madogo, kama shanga. Fundi alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimweleza shida yangu yote, kwa Kiswahili changu cha vitabuni, kuanzia barua mpaka ngazi ya tatu. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Ile ya kwanza ilikuwa na miguu ngapi?" akauliza.

"Minne."

"Ah, mama! Miguu mine iko ya kucheza. Ndani ya nyumba, kwa carrelage ya vigae, muzuri sana. Kwa ngazi inakufa. Na ilikuwa ngumu, eh? Inangaa?"

"Inang'aa."

"Ulitazama nini mbele ya kuuza?" Kwao, kuuza ni kununua.

"Nilitazama uso wake."

Fundi akaita upande wa pili wa njia, kwa mwanamke aliyekaa nyuma ya magunia ya chumvi ya Katwe. "Munasikia? Mama Professeur alitazama uso!" Mwanamke yule akacheka mpaka akashika gunia. "Mama," fundi akaniambia kwa upole, kama daktari, "valizi haitazamwe uso. Inatazamwa matako."

Akaanza kunifundisha. Alipindua begi moja baada ya jingine, na kila moja akalisomea mashtaka. Hili, zipu yake ni nyembamba, ikijaa inatabasamu. Hili, mpini wa kuvuta umeshikwa na ribiti mbili tu. Siku ya mvua utabaki na mpini mkononi, begi liko nyuma. Hili limeshonwa mshono mmoja. Alinipa nyuzi nizivute mwenyewe kwa kucha. Alisema mzigo hauvunji begi. "Muzigo unakaa tu. Kyenye inavunja ni ngazi, na ile fasi ya kuinua kwa nguvu, na muntu mwenye hasira." Nilitoa daftari nikaandika. Sijawahi kuandika hivyo tangu mwaka wa pili wa chuo.

Kisha, chini ya lundo, nikaona kulabu.

Sikuona begi, niliona kulabu tu, ya chuma, imechomoza kati ya mkoba wa shule na begi la mtoto. Nililivuta kwa mikono miwili. Jeusi lililoanza kuwa kijivu. Kitambaa kinene. Nafasi mbili za magurudumu yaliyozama ndani, moja likiwa na gurudumu lililoliwa nusu, jingine tupu. Chini, bolti. Lilikuwa baya kabisa.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa balo ya mitumba. Inakaa mwaka muzima. Batu banasema iko muzee."

Nilitoa futi ya fundi cherehani niliyokuja nayo. Mama wa chumvi akavuka njia kuja kunishikia ncha ya pili. Urefu ukakubali. Upana ukakubali. Kina kikawa chini ya kikomo kwa vidole viwili, nusura nimbusu mtu.

"Lakini halina magurudumu," nikasema.

Fundi akainama chini ya meza, akatoa jozi ya viatu vya ajabu, vyenye shingo ndefu kama vya askari, na chini ya kila kimoja magurudumu manne yamejipanga mstari.

"Hii ni nini?"

"Bazungu banavaa kwa miguu."

"Kufanya nini?"

"Kuanguka," akasema. "Kwa balo inakuja mingi. Hapa hakuna mwenye anauza, barabara iko wapi? Mimi nakamata tu roues."

Akatoa gurudumu moja, akaliweka kidoleni mwangu na kulizungusha. Lilizunguka, likazunguka, likaendelea kuzunguka sisi tukiwa tumeshaanza kuzungumza mambo mengine. Ndani yake kulikuwa na beringi ya kweli, ya chuma. Lile la begi la Hajati lilikuwa plastiki juu ya plastiki, kama kifuniko cha chupa.

Alipoanza kuyafunga kwa bolti zenye mkato kichwani, usomi wangu ukanipanda tena. Nikamwambia, kwa nini asiyachomelee kabisa, yasitoke milele? Bei si tatizo. Akaweka bisibisi chini.

"Mama. Kitu kyenye hakitoke, siku kinavunjika unatupa valizi yote. Hii itatoka, utarudisha."

"Kwa hiyo unaniambia itatoka?"

"Itatoka. Siku moja. Kila kitu inatoka."

Haikunifariji. Nilitaka kumwambia kwamba binti wangu ana siku moja tu, na siku hiyo ni Jumatatu. Lakini alikuwa ameshamaliza, na alikuwa anamwita mama wa chumvi alete mawe yake. Kumbe hapo Mpondwe begi halitoki mikononi mwa fundi kwa maneno. Mwenye begi hulijaza chumvi ya mawe mpaka zipu inung'unike, hulivuta mwenyewe mpaka karibu na daraja, huligeuza, hulivuta kurudi. Likirudi zima ndipo mnazungumza habari ya bei. Na fundi hashiki. Fundi hukaa kitini na kutazama.

Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya mikutano.

Nilishuka na begi la chumvi katikati ya siku ya soko, kati ya wapagazi wenye mikokoteni na mawakala wa forodha wenye makaratasi kwapani. Mawe hayakuwa na huruma. Begi liliruka, likatua, likaruka. Kwenye mteremko likaanza kunisukuma badala ya mimi kulivuta, nikalazimika kukimbia hatua fupifupi kama kuku aliyeshtuka, na wanawake wa mpakani wakanipisha njia huku wakinishangilia. "Mama, piga mbio! Inakukamata!" Mpagazi mmoja mwenye mkokoteni wa maharage akaamua tunashindana. Akanipita, nikampita, akanipita.

"Simama hapo!"

Alikuwa askari, bunduki begani. Nikasimama. Begi likasimama sentimita chache nyuma ya visigino vyangu.

"Nini ndani?"

"Chumvi, afande."

"Inaenda wapi?"

"Haiendi popote, afande. Inarudi."

"Inarudi kutoka wapi kama haijaenda?"

Swali hilo lingeweza kuwekwa kwenye mtihani wa falsafa. Nikamweleza: fundi, magurudumu, binti, ndege, Jumatatu. Alinisikiliza uso umekaza. Kisha akapindua begi kwa ncha ya buti, akatazama chini yake. Na yeye alijua pa kutazama.

"Lete," akasema.

Akalishika mpini, akalivuta kwenda, akalivuta kurudi, akalipandisha kwa nguvu kwenye ukingo wa saruji na kuliachia lidondoke. Akarudia mara tatu. Watu wakaanza kusimama kutazama. Askari, nadhani, ni mtu mwingine aliyehamahama na mzigo wake maisha yote.

"Hii imekaa," akasema, akanirudishia mpini. "Sasa ondoa chumvi yako barabarani. Haraka!"

Nilipanda kilima kurudi nikiwa nimelowa jasho, vumbi mpaka magotini, na tabasamu ambalo sikuweza kuliondoa. Magurudumu mazima, mishono mizima. Fundi aliitikia kwa kichwa mara moja tu.

Jioni ile nilipitia Bulembia, nyumbani kwa kaka yangu, kumwonyesha. Alilisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Dada. Hili begi limekwisha."

"Lina kazi ya miaka kumi mingine."

"Watu watasema ametokea nyumba gani? Wewe mwenyewe ulipopanda ndege ulipanda na kitu kizuri, sisi tulikiona! Kwa mtoto wangu ndiyo unaleta mtumba?" Akamgeukia mke wake. "Wewe sema kitu. Yule anafunga sketi na tai, halafu nyuma anavuta hili?"

Wifi yangu aliinama, akalipindua begi, akazungusha gurudumu kwa kidole, akalitazama likizunguka. "Mimi nimevuta maji miaka mingi na toroli la magurudumu mabovu," akasema. "Mwacheni mtoto avute vizuri." Akalipiga brashi, akalipaka rangi ya viatu nyeusi pale palipopauka, akalifunga kwenye nailoni, na Jumamosi asubuhi likaondoka na basi la kwanza.

Jumapili binti aliandika ujumbe mfupi: limefika, linaingia kabatini, hata nafasi imebaki. Jumatatu sikuweza kufundisha. Niliwapa wanafunzi insha na kwenda Bulembia kukaa na wazazi wake, kwa sababu kusubiri peke yangu kulinishinda. Kaka yangu alikuwa hazungumzi nami vizuri. Kila baada ya muda alisema, "Likivunjika na hili," halafu hamalizi. Mimi nilikuwa nayafikiria maneno ya fundi, na sikumwambia mtu.

Saa nane mchana simu ikalia.

"Shangazi."

"Nakusikia."

"Lilitoka."

"Nini kilitoka?"

"Gurudumu."

Kaka yangu akasimama. "Anasemaje?" akauliza. Nikampungia mkono anyamaze.

"Shangazi, sikiliza kwanza!" Alikuwa anahema, maneno yanasukumana. "Walituzungusha mara nne. Uwanjani, ngazi, ndani, chini tena. Sisi kumi na moja. Ngazi ya mwisho kabisa, mara ya nne, nasikia la kushoto linalegea, bolti ikadondoka. Kila mtu ananitazama. Mkufunzi ananitazama. Nikapiga goti, nikaiokota, nikalirudisha gurudumu, nikatoa sarafu mfukoni nikaikaza. Nikasimama. Nikaendelea kutembea. Shangazi, hata mstari haukuniacha!"

"Halafu?"

"Mkufunzi akaniita. Akasema, umefanya nini pale? Nikasema, nimetengeneza begi, Madam. Akamwita kapteni aliyekuwa mlangoni. Kapteni akaja, hakuniangalia mimi, akalipindua begi. Akaangalia chini yake, akaangalia, akaangalia. Kuna msichana mwenzangu, jipya lake zipu ilipasuka, yeye bado yuko pale analia. Kapteni akanirudishia mpini. Akamwambia mkufunzi, 'Huyu mpange na mimi.'"

"Akupange lini?"

"Anasemaje?" kaka yangu akapiga kelele. "Mbona hamsemi?"

"Kesho alfajiri, Shangazi. Saa kumi na moja naripoti. Kesho!"

"Kesho alfajiri," nikamwambia kaka yangu. Akaniangalia kama hajaelewa. Kisha akaelewa, akatoka uani mbio, akaanza kuwaita majirani kwa sauti ya juu, akiwatangazia habari za ndege, na alfajiri, na binti yake.

"Shangazi, upo?" binti akauliza. "Naitwa. Lazima nikate."

"Kata, mwanangu," nikasema. "Nenda."

Akakata.